Kisa cha maabara za Richards: mabomba yalipewa nyumba, watafiti wakabandika foili madirishani

Kuna jengo moja pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, ambalo ukikaa na watu wa usanifu watakwambia ni moja ya majengo makubwa ya karne ya 20, alafu ukikaa na waliofanya utafiti ndani yake watakwambia lilikuwa linawachosha kila siku ya Mungu. Pande zote mbili zinasema kweli na ndo maana nimeamua tulichambue hili vizuri, manake mijadala ya majengo ya kisasa vyuoni huwa inaishia kwenye "zuri" na "baya" tu watu wanatawanyika, wakati hapa kuna mambo mahususi kabisa ya kujifunza, jua linaingia wapi, bomba linapita wapi, mtu akitaka kwenda chooni anapita katikati ya kazi ya nani.

Jina lake refu ni Alfred Newton Richards Medical Research Laboratories, wengi wanasema Richards tu. Huyo Richards alikuwa mtaalamu wa sayansi ya dawa na kiongozi wa muda mrefu pale chuoni, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya serikali ya Marekani ya utafiti wa tiba, ile iliyosukuma penisilini itengenezwe kwa wingi. Msanifu ni Louis Kahn. Alizaliwa 1901 Estonia, akaletwa Philadelphia akiwa mtoto mdogo, akasoma chuo hicho hicho, na kazi hii anapewa 1957 ana miaka 56 na majengo makubwa aliyokuwa ameyasimamisha yalikuwa ya kuhesabu, lile la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale la 1953 ndo lilikuwa limempa jina kidogo. Kwa hiyo tunaongelea mtu aliyekaa na mawazo yake miaka mingi sana kabla hajapata pa kuyamwaga yote.

Sasa kabla ya kumsifu au kumlaumu lazima tuelewe maabara ya tiba inataka nini, hapa wengi wanaruka. Ofisi ya kawaida unaweza kuizungusha hewa ile ile, unaipoza unairudisha ndani. Maabara huwezi. Kuna mvuke wa kemikali, kuna vijidudu, kuna wanyama wa majaribio na harufu yao, kuna vitu vyenye mionzi, kwa hiyo hewa inaingia, inatumika mara moja, inatupwa nje, tena itupwe mbali na pale hewa safi inapoingilia. Hiyo maana yake ni mifereji mikubwa ya hewa kwenda kila chumba na mingine mikubwa ya kuitoa, alafu juu ya hapo weka maji ya moto, maji baridi, gesi, umeme wa nguvu, maji taka yenye kemikali. Kwenye jengo la namna hii mabomba yanakula nafasi kubwa na pesa nyingi. Na maabara nyingi za zamani zilijengwaje? Korido ndefu katikati, vyumba kulia na kushoto, mabomba yanachomekwa popote palipobaki, mengine juu ya korido yamefichwa na dari ya kuning'inia, na kila utafiti ukibadilika fundi anakuja anavunja.

Kahn aliliangalia hilo akasema kitu ambacho mimi kila nikikirudia naona ujasiri wake, alisema hayapendi mabomba na mifereji ya hewa, anaichukia kabisa, na kwa sababu anaichukia hivyo ndo maana anaona lazima ipewe mahali pake, la sivyo itavamia jengo na kuliharibu. Kutoka hapo ndo linakuja wazo lake maarufu la kugawa jengo sehemu mbili, sehemu zinazohudumiwa na sehemu zinazohudumia. Zinazohudumiwa ni zile watu wanafanyia kazi. Zinazohudumia ni ngazi, lifti, vyoo, mifereji, stoo, vyumba vya wanyama. Wengine walikuwa wanazificha hizi za pili, yeye akazitoa nje, akazisimamisha wima, akazifanya ndo sura ya jengo.

Ukiliangalia kwa mbali unaona kundi la minara ya matofali mekundu imepanda hadi juu ya paa, haina madirisha, na katikati yake kuna mabunda ya vioo na zege. Watu wengi wakaifananisha na minara ya San Gimignano kule Italia, ambayo ni kweli Kahn aliichora alipotembea Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1920. Ila ile ya Philadelphia ina kazi. Minara mitatu ya maabara, kila mmoja mraba wa karibu mita 14 kwa 14, ghorofa nane, imezunguka mnara wa nne wa kati ambao ndo umebeba lifti, vyoo, vyumba vya wanyama na mitambo. Nyuma ya huo wa kati kuna mashimo manne makubwa ya kuvutia hewa safi, yanaivuta kutoka chini upande wa bustani, hewa inapanda, inagawiwa kwenye maabara, na ikishatumika inatolewa kwa ile minara ya matofali iliyobandikwa ubavuni, inatupwa juu ya paa. Hewa unayovuta na hewa unayoitupa hazikutani. Mnara wa matofali unaoonekana kama urembo ni bomba la kutolea hewa chafu, mwingine ni ngazi. Na wageni wengi hadi leo wanadhani hiyo minara ndo imebeba jengo, kumbe haijabeba ghorofa yoyote.

Waliobeba ni nguzo nane kila mnara, mbili kila upande, na hapa ndo sehemu yangu ninayoipenda kuliko zote. Nguzo hazipo kwenye kona. Zipo ndani kidogo, kwenye theluthi za kila upande, kwa hiyo kona zote nne za kila ghorofa zinaning'inia hewani, na pale kwenye kona kioo kinakutana na kioo. Mhandisi alikuwa August Komendant, naye mzaliwa wa Estonia, bingwa wa zege la kukazwa, yaani zege ambalo nyaya za chuma ndani yake zimevutwa kwa nguvu ili boriti ibane na ibebe mzigo mkubwa ikiwa nyembamba. Vipande vilifyatuliwa kiwandani, vikaletwa kwa lori, kreni ikawa inavipandisha kimoja kimoja vinaunganishwa. Ukisimama chini ukaangalia boriti ya ukingoni utaona inapungua kimo kwa hatua kadiri inavyokaribia kona, nene pale kwenye nguzo ambapo mzigo ni mkubwa, nyembamba pale mwisho ambapo mzigo umeisha. Huhitaji kuwa injinia kusoma hiyo, jengo lenyewe linakuonyesha uzito unapoelekea.

Na ndani, mihimili ya sakafu ni ya aina ya Vierendeel, jina la mhandisi wa Ubelgiji aliyeibuni. Tofauti yake na zile nyingine ni kwamba haina vyuma vya mshazari, ina matundu ya mstatili kama ngazi iliyolazwa. Kwa nini hiyo? Kwa sababu kwenye matundu hayo ndo mabomba yanapita. Mfereji wa kutolea hewa chafu unatoka kwenye mnara wa matofali, unaingia kwenye tundu la muhimili, unafika juu ya meza ya mtafiti bila kukata hata kipande cha zege. Kazi ya kubeba sakafu na kazi ya kupitisha huduma zimekuwa kitu kimoja. Kusema kweli kwa 1957 hili lilikuwa jambo zito sana.

Ndo maana 1961 jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likaandaa maonyesho ya jengo hili peke yake, na wakaandika kwamba huenda ndo jengo lenye athari kubwa kuliko yote yaliyojengwa Marekani tangu vita iishe. Na athari ilikuwepo. Msanifu wa Italia Renzo Piano alipita ofisini kwa Kahn akiwa kijana, baadaye yeye na msanifu mwenzake Richard Rogers wakatoa mabomba nje kabisa pale Centre Pompidou, jumba la sanaa la Paris, 1977, Rogers akaenda mbali zaidi na jengo la soko la bima la Lloyd's la London, 1986. Sisemi Richards peke yake ndo ilizaa hayo yote, ila damu unaiona.

Haya, sasa tuingie ndani jua likiwa limepanda.

Ile kona ya kioo ninayoisifu ndo kona ambayo mtafiti amewekewa meza yake. Vioo vimewekwa sawa na uso wa nje wa jengo, hakuna kibaraza, hakuna kitu kimetokeza juu kukinga. Asubuhi jua linaingia moja kwa moja hadi kwenye darubini. Mwanga unarudi kwenye vyombo vya kioo, sampuli zinazotakiwa kukaa kwenye joto moja zinapata joto lingine, na kuna kemikali ambazo mwanga unaziharibu. Vioo vya juu vilitiwa rangi ya buluu kusaidia, havikutosha. Kwa hiyo watafiti wakafanya ambacho mtu yeyote angefanya, wakabandika foili na makaratasi. Zile kona zilizopigwa picha na magazeti ya usanifu dunia nzima zikajaa foili, na mimi nikiangalia picha za namna hiyo siwaoni kama watu wasiojua uzuri, naona watu wana kazi wanataka kuimaliza.

La pili ni dari. Kahn aliacha ile mihimili na mabomba wazi, uone kila kitu. Vizuri kwa macho, ila bomba lililo wazi linashika vumbi, na vumbi hilo linaanguka mezani, na kama wewe unaotesha bakteria kwenye sahani vumbi ni adui yako namba moja. Kelele nazo zinasafiri juu kwa juu kwenye yale matundu. Wengine wakaishia kuweka dari za kuning'inia, yaani kitu chenyewe ambacho jengo lilizaliwa kukikimbia kikarudi.

La tatu kwangu ndo kubwa kuliko jua, na halitajwi sana, labda kwa sababu halionekani kwenye picha. Kahn alimfikiria mwanasayansi kama msanii. Kila ghorofa ya kila mnara aliiona kama studio, watu wachache, chumba kimoja kikubwa wazi, mwanga pande zote, kila mtu anaona mwenzake anafanya nini, mawazo yanazunguka. Hakuna korido. Wazo ni la heshima kabisa, linamheshimu mtafiti kama mtu anayefikiri na siyo mashine ya kuhesabu seli, mimi nalikubali kwa moyo wote. Lakini maabara ya tiba ya miaka ile, ukiacha mawazo, ilikuwa na friji, mashine za kuzungusha sampuli, makabati ya kutolea gesi za sumu, chumba cha giza, chumba cha baridi, na watu ambao hawataki mtu mwingine apite nyuma yao wakiwa wameshika kitu cha hatari. Mita 14 kwa 14 ukishaweka kuta za kugawa hivyo vyote, unabakiwa na vijichumba, na kwa sababu hukuachiwa korido, inabidi uikate mwenyewe ndani ya hicho hicho kidogo au upite kwenye maabara ya mwenzako ili ufike kwenye lifti. Alafu mnara ni mrefu na mwembamba, timu ikikua haiwezi kutanuka pembeni, inabidi nusu wahamie ghorofa nyingine, na utafiti uliogawanywa na ngazi si sawa na utafiti ulio sakafu moja. Jengo lililokusudia kuwakutanisha watu likawatenga kwa wima.

Sasa lawama ni ya nani? Kuna wanaomtupia Kahn zote, kwamba alikuwa anajenga sanamu. Kuna wanaomtetea kwa kila kitu kwamba bajeti ilibanwa, na kweli ilibanwa, kuna mambo ya kukinga jua na ya kumalizia ndani yalipunguzwa njiani. Mimi naona tutenganishe. Jua ni kosa la usanifu na la bajeti kwa pamoja, msanifu akijua kinga inaweza kukatwa basi asiweke uhai wa chumba kutegemea hiyo kinga, kivuli kikiwa sehemu ya zege lenyewe hakuna mhasibu wa kukifuta. Vumbi nalo ni uamuzi wa msanifu moja kwa moja. Lakini lile la tatu, la studio, hapo na chuo kimo. Chuo ndo mteja, chuo ndo kinajua idara inakuaje na nani anahitaji nini, na mteja akiacha msanifu amfikirie mtumiaji kwa mapenzi yake mwenyewe bila kumkalisha na fundi wa maabara, yule anayeosha vyombo, anayehudumia wanyama, anayebeba mitungi ya gesi, basi msanifu hata awe na kipaji gani atamchora mtu ambaye hayupo. Ujasiri wa jengo haukuwa tatizo, ukining'ang'aniza niseme, sehemu zenye ujasiri zaidi, yaani mihimili yenye matundu na hewa chafu kutengwa na safi, ndo zilifanya kazi yake vizuri. Zilizofeli ni zile ambazo hakuna aliyeziuliza maswali.

Na tunajua hivyo kwa sababu jaribio la pili lipo. Desemba 1959 Jonas Salk, yule wa chanjo ya polio, alifika Philadelphia kumtembelea Kahn akaoneshwa jengo hili likiwa linajengwa. Salk alikuwa anataka kuanzisha taasisi yake California, na alikuwa anasema anataka mahali ambapo hata mchoraji Picasso angeweza kualikwa. Michoro ya kwanza ya Kahn kwa ajili ya taasisi hiyo, pale La Jolla, California, ilikuwa na minara ya maabara inayofanana na ya Richards, Salk akaikataa. Ikaja nyingine ya majengo manne ya maabara na bustani mbili, kazi ikafika mbali kabisa, alafu 1962 Salk akabadili mawazo akataka ianzwe upya. Fikiria unaambiwa hivyo na mteja. Kahn akaanza upya.

Kilichotoka, kikakamilika 1965, ukikiweka pembeni ya Richards unaona kila lalamiko limejibiwa. Maabara zimelazwa, hazijasimamishwa, ukumbi mmoja wa karibu mita 20 kwa 75 bila nguzo hata moja katikati, mtafiti anapanga anavyotaka, akikua anatanuka. Mihimili ni ile ile ya Vierendeel na mhandisi ni yule yule Komendant, ila safari hii imefanywa mikubwa hadi ndani yake mnapatikana ghorofa nzima ya mabomba, kimo karibu mita 2.7, juu ya kila ghorofa ya maabara. Fundi anapanda kule, anatembea wima, anabadilisha bomba, chini yake majaribio yanaendelea na dari ya maabara imefungwa, vumbi halina njia. Na yule mtafiti anayefikiri, yule msanii wa Kahn, hakutupwa, amepewa chumba chake kidogo cha mbao na mwanga nje ya maabara, kinachoangalia bahari, anatoka kwenye vyombo anavuka daraja anakaa na mawazo yake. Kule Philadelphia kufikiri na kupima vilibanwa chumba kimoja, hapa vimetenganishwa na kila kimoja kina mwanga wake.

Kwa hiyo anayesema Richards ilifeli anasema nusu ya hesabu, manake bila foili za Philadelphia sidhani tungepata ghorofa za mabomba za La Jolla, na hizo ghorofa za mabomba leo ni jambo la kawaida kwenye maabara na hospitali nyingi duniani. Ila nusu nyingine nayo isemwe, watafiti wa Philadelphia ndo walilipa hiyo ada ya shule kwa macho yao na majaribio yao, na sioni haki kwenye historia za usanifu zinazowataja kama watu waliochafua jengo.

Chuo nacho nakipa heshima yake kwa kilichofuata. 2009 Richards na Goddard, ule upande wa baiolojia ulioongezwa 1965, yaliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya taifa la Marekani. Hapo wangeweza kuendelea kulazimisha kemikali na sahani za bakteria ndani ya jengo ambalo halijawahi kuzipenda. Badala yake kwenye ukarabati wa miaka ya 2010 wakabadili kazi, wakaleta utafiti mkavu, watu wa sayansi ya ubongo na akili wanaofanya kazi kwa kompyuta, takwimu na ubao, watu wachache wachache wanaotaka kuonana na kubishana. Vioo vikabadilishwa vikawekwa vya kisasa vinavyopunguza joto na kutunza mwonekano ule ule wa zamani, kuta nyingi za ndani zilizoongezwa zikatolewa, ile mihimili ikaonekana tena. Chumba cha mita 14 kwa 14 kwa watu wanaofikiri kwa pamoja kumbe kinatosha kabisa, na mabomba yaliyokuwa yanahitajika kwa sumu na wanyama sasa yanahitajika kidogo tu.

Ila kuna kitu kimoja bado natamani kingefanyika kwenye kila jengo la maabara linalojengwa na chuo leo, liwe la ujasiri au la kawaida. Kabla michoro haijapigwa muhuri, jengeni chumba kimoja cha mfano, kipimo kamili, meza, kioo, upande ule ule wa jua, alafu wapelekeni watakaokitumia wakae humo wafanye kazi zao za kawaida kuanzia asubuhi hadi jioni, profesa awepo na msafisha vyombo awepo, na anayekaa na kalamu kuandika malalamiko yao awe msanifu mwenyewe.